Siku Nilipopima Mbele ya Kaka Deo

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa Mbugangari, mtaa wetu ng'ambo ya mpaka na Goma, miaka ya tisini ikielekea mwisho, na mimi na mama tulikuwa tunaishi kwa kompyuta moja ya kuchapia watu barua. Alimentation yake, lile sanduku la chuma la nyuma linaloipa umeme, ilikuwa imekufa, na wateja walishaanza kwenda kwa wengine.

Kaka Deo, mtoto wa dada mkubwa wa mama, akavuka kutoka Goma na nyingine kwapani. "Wati mia tatu," akasema, "na iko kimya kabisa. Hautasikia kitu." Akaiwasha. Kweli, kimya. Mama akafurahi, mimi nikaingiwa na shaka. Wakati ule mia tatu ilikuwa nguvu kubwa, na nguvu kubwa huleta joto, na joto lazima feni ilitoe, na feni husikika. Halafu sanduku lenyewe lilikuwa jepesi mno mkononi kwa nguvu hiyo.

Namna ya kulijaribu niliijua: unalifungia taa mbili za gari zinyonye umeme, uone kama litahimili, ndipo uliunganishe na kompyuta. Lakini kwetu unakujua. Ndugu akikuletea kitu kutoka ng'ambo ya barrière, kizuizi cha mpakani, unashukuru, huanzi kukigeuzageuza mbele yake. Nikashika bisibisi, nikaanza kuifungua kompyuta.

Mama alikuwa ananiangalia. "Esta, kuna kitu unaogopa. Ni kompyuta ama ni Deo?"

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ningependa kuipima kwanza.

"Basi pima. Na upime akiwa hapa, usingoje aende."

Deo akasimama. "Mama mudogo, donc mi niko mwizi?"

Mama akamvutia kiti.

Nikafunga taa, zikawaka vizuri. Deo akanikazia macho, na kidogo nizime niombe msamaha. Nikashika uzi mbele ya matundu ya feni. Haukutikisika. Feni haikuwa inazunguka hata kidogo, na ukimya tuliousifu ulitoka hapo. Nikagusa bati la sanduku, nikarudisha mkono haraka kwa joto. Taa zikafifia, harufu ya kuungua ikajaa chumbani, kitu kikapasuka ndani. Nikachomoa waya.

Nilidhani Deo atajitetea. Uso ulikuwa umemshuka. "Zilikuwa mbili," akasema. "Ya pili nimeifunga leo asubuhi kwa kompyuta ya bibi yangu. Mutoto wetu analala chini ya ile meza."

Simu hatukuwa nayo. Akatoka mbio kuelekea Grande Barrière, na ilikuwa karibu kufungwa.

Asubuhi akarudi na mtoto begani, mzima. Akampakatisha mama, akasema alipofika moshi ulikuwa umeanza, akawatoa wote. Nywele za yule mtoto zilinuka moshi, na mimi nikalia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa kitu na mtu unayempenda, kipime. Kipime mbele yake, kwa adabu, na akikasirika mvutie kiti. Ukinyamaza ati unamheshimu, unamwacha arudi nyumbani kwake na hatari asiyoijua. Na siku wewe ukipimwa, kaa utulie. Mungu akulindie nyumba yako, na kila anayelala ndani yake aamke.