Shikamoo ya Wati Tano

Kwa miezi minne mimi ndiye niliyewakataza watu wa Mkoa wa Ruvuma kusalimiana. Si wote, ni wale wenye redio tu, lakini dhambi ni dhambi.

Nilikuwa opareta wa redio koli katika ofisi moja ya Songea mjini. Redio koli si ile ya kusikiliza taarifa ya habari. Ni ile unayobonyeza kitufe ukasema, ukakiachia, na mwenzako akajibu. Kwangu mezani kulikuwa na redio kubwa iliyokula umeme wa ofisi. Huko vijijini kulikuwa na vituo saba, kila kimoja na kiredio chake, betri ya gari, kipande cha sola na waya uliofungwa juu ya miti. Viredio hivyo vilikuwa vya wati tano, nguvu ya kuwasha taa ya nyuma ya gari tu. Kwa nguvu hiyo hiyo mzee wa Namasakata, mbali kule Tunduru, alinifikia kila asubuhi kutoka chini ya mikorosho yake.

Kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya kifuku, maana huku kusini masika twaiita hivyo. Mvua ikishakaza, barabara ya Tunduru iligeuka uji, malori yakalala njiani siku tatu nne, na simu za waya hazikungoja hata mvua, zilikatika zenyewe. Redio ndiyo iliyotuambia mapema dawa zimekwisha wapi na mto umekula daraja lipi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Lizaboni, nilikopanga chumba, maduka yalijaa sabuni za kunukia na kaseti, na mtaa wa Msamala mitumba ilianikwa hadi barabarani. Ofisini kwetu mambo yalikuwa kinyume. Kila kitu kilipunguzwa, watu pamoja na vifaa, na betri mpya iliombwa kwa barua tatu.

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia. Redio inaposikiliza hula umeme kidogo, inaposema ndipo inapobugia. Na vituo vyangu vilisema! Mzee wa Namasakata alikuwa bingwa wao. Alikuwa mhudumu wa zahanati, mtu wa swala tano, mwenye sauti ya taratibu. Nikimwita alianza na asalaam aleikum, nami nikampa shikamoo yake, kisha akaniuliza nimeamkaje, habari za Lizaboni, watoto wangu wawili hawajambo, na yule mwenye kikohozi amepona? Dakika nne zikapita kabla hajasema kama kuna mgonjwa. Mimi nimetoka kanda ya ziwa, na wenzangu ofisini walizoea kunitania kwamba kwetu salamu ni kugonga mlango kwa teke. Siku betri mbili zilipokufa ndani ya juma moja, niliwathibitishia.

Nilichapa waraka, mkubwa wangu akautia saini bila kuusoma, na dereva wa lori akausambaza. Ulisema hivi: salamu ni marufuku hewani. Kituo kikiitwa kitaje jina, kitoe taarifa, kimalize. Kama hakuna tatizo, neno moja linatosha, "salama". Na mimi mwenyewe nilijifunga kwa sheria hiyo hiyo. Kituo kisipojibu nilihesabu kumi kimoyomoyo, nikaruka kwenda kinachofuata, bila neno la ziada.

Mwanzoni nilijipongeza. Mwito wa asubuhi uliokuwa ukila saa nzima sasa uliisha kabla chai yangu haijapoa. Vituo vya karibu vilisikika vizuri tu. Namasakata peke yake ndiyo iliyopotea. Nilimwita, nikasikia ukelele mfupi kama wa bata ndani ya mvumo wa redio ulio kama mvua, halafu kimya. Nikahesabu kumi, nikaruka. Kesho yake hivyo hivyo. Daftari langu likajaa neno "haisikiki" mstari kwa mstari.

Nililaumu betri, nikampa dereva nyingine aipeleke. Aliporudi aliniambia, "Dada, ile redio nzima kabisa. Mzee anaongea nayo kila asubuhi."

"Anaongea na nani?" nikamfokea. "Na mikorosho?"

Dereva akacheka akaenda zake. Laiti ningemuuliza swali la pili.

Kabla ya kifuku akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa viatu vilivyopigwa rangi vizuri na alipenda karanga za kukaanga, akizitoa moja moja mfukoni. Alikuja na agizo lililoeleweka: vituo vijaribiwe siku tatu mfululizo, na kile kisichosikika hata siku moja, redio yake ing'olewe ipelekwe mkoa mwingine. Sikuweza kubishana naye, maana daftari lilikuwa mwandiko wangu mwenyewe.

Lakini nilijua ni nini kinang'olewa. Kifuku kilichopita watoto wa Namasakata walipatwa na kuhara, na mzee alitupasha habari siku ile ile ya kwanza. Lori la dripu likavuka mto jioni yake, na kesho yake daraja halikuwepo. Bila redio angekaa miezi na wagonjwa wake nyuma ya matope, wala hakuna ambaye angejua. Usingizi ulinipaa.

Siku ya kwanza, kelele ya bata, kimya. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu mkaguzi alivuta kiti, akafungua kalamu. Nikabonyeza kitufe.

"Namasakata, Namasakata, Songea anaita. Toa taarifa. Ova."

Mvumo. Bata. Kimya. Mkaguzi akainamia karatasi yake, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliwaza kwamba kiredio kile kitang'olewa bila mimi hata kumuaga mwenyewe, na nilikuwa sijamsalimu kwa miezi minne. Angalau nimuage, nikasema moyoni. Nikabonyeza tena.

"Shikamoo, mzee."

Bata akarudi, lakini safari hii hakunyamaza. Aliendelea kulia, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kinobu kidogo cha kuzungusha, kinachonyoosha sauti redio mbili zikipishana masafa, kwa sababu nilijua analolisema. Hakuna Mswahili asiyejua jibu la shikamoo. Nikazungusha kushoto, bata akawa mtu mwenye mafua. Nikazungusha kidogo tena, akawa mzee wangu.

"...haba, mwanangu, marahaba. Umeamkaje? Habari za Lizaboni? Watoto hawajambo?"

Mkaguzi aliacha karanga njiani kati ya mfuko na mdomo. Mimi nilikuwa nacheka na kutoa machozi kwa pamoja, na wakati huo huo naelewa. Redio ya mzee ilikuwa kuukuu, na jua likipiga bati la zahanati ilihama kidogo kutoka masafa yake, leo huku, kesho kule. Kila asubuhi ilibidi niitafute. Na nilikuwa nikiitafuta ndani ya salamu, bila kujua kwamba natafuta. Mzee akifika kwenye kikohozi cha mtoto, mimi nilishamnyoosha. Neno moja la "salama" lilikwisha kabla mkono haujafika.

Nikamwambia atoe taarifa. Akasema dawa za kuhara zimebaki pakiti chache, na upepo umebetua bati mbili za ghala. Tulete dawa na bati kabla mvua haijafunga njia. Mkaguzi akaandika yote kwa mkono wake. Kwenye mstari wa Namasakata akafuta alichokuwa ameanza, akaandika "inasikika", akageuza karatasi ili nione. Lori liliondoka kesho yake.

Nilidhani mzee amemaliza, nikataka kufunga. Akaomba neno moja.

"Mwanangu, nilipata ile karatasi yako. Nimeifuata. Kila siku ukiniita nasema salama, kama ulivyoandika, nawe unaniruka unawaita wengine." Akaendelea taratibu, kama kawaida yake. "Nikasema, basi, huyu mtoto nimemuudhi. Ila sikujua kwa lipi. Ova."

Miezi minne alikuwa amejibu kila asubuhi. Nikabonyeza kitufe.

"Hukuniudhi, mzee. Nilikuwa sikusikii. Nisamehe. Ova."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikamsikia akivuta pumzi. "Basi tuanze upya. Asalaam aleikum, Songea. Umeamkaje? Na yule mwenye kikohozi?"

Mkaguzi alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Nikamwacha mzee amalize salamu zote.