Mkono wa Fundi

Weka dau lolote unalotaka, hakuna atakayeamini kwamba Pimamaji aliifundisha kompyuta kazi. Pimamaji huyu huyu aliyeishia darasa la nne, na mpaka leo anadai aliyefeli ni mwalimu.

Ni fundi bomba. Jina la Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, alijipa mwenyewe, maana jicho lake, anasema, halihitaji kipimo. Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwa mtindo mmoja: waashi wajenge ukuta, yeye aupasue apitishe bomba, waashi waje kuziba huku wanamtukana. Halafu serikali ikaagiza kila jengo la umma lijengwe kwanza ndani ya kompyuta, zima zima, zege, nyaya na mabomba, kabla sururu haijagusa ardhi. Kampuni yake ilipopata kazi ya wodi mpya ya wazazi, msimamizi akatangaza kwamba fundi mkuu atakayeshindwa kulisoma jengo kwenye kioo cha kompyuta hadi mwisho wa mwezi, atashushwa awe msaidizi. Pimamaji alicheka kuliko wote. Nyumbani chakula hakikupita. Mkewe akamuuliza kama anaumwa, akajibu anaumwa maendeleo.

Aliyemwokoa ni mchoraji wa ramani, binti mpole mwenye miwani, ofisi yake kontena karibu na geti. Hakumpa kitabu, alimpa rangi: buluu maji safi, kahawia maji machafu, nyekundu ni pale bomba linapogonga boriti. Kila mapumziko ya chai Pimamaji alikuwa pale, kidole kimejaa grisi kwenye kioo, na binti anafuta bila kununa. Wiki ya tatu tayari alikuwa anazunguka ndani ya wodi isiyojengwa kama panya ghalani.

Ndipo akafika kwenye bomba la buluu, kona ya bafu. Wekundu haukuwepo. Akaguna.

"Mwanangu, hapa umenifunga mikono."

"Mjomba, mashine inasema linapita."

"Linapita, sikatai. Nati atakaza nani? Mashine?"

Akasimamisha mafaili mawili mezani yawe kuta, akampa binti spana, akamwambia ajaribu kuizungusha katikati. Haikufika hata robo. Binti akachora duara la njano kuzunguka kiungo kile, upana wa mkono na spana yake, akaliandika MKONO WA FUNDI. Halafu akamwomba wavipitie viungo vyote pamoja.

Kwenye kikao, wahandisi wamekunja mikono, msimamizi akataka kujua ni nani kaleta haya maduara. Mchoraji angeweza kujichukulia sifa zote, na nani angejua?

"Fundi mkuu wetu wa mabomba," akasema. "Mimi sikujua kama spana inahitaji nafasi."

Basi. Cheo kikabaki kwa mwenyewe. Wodi ikasimama bila ukuta hata mmoja kupasuliwa, na waashi wakakosa wa kumtukana.

Pimamaji husimulia habari hii popote penye masikio, na kila akisimulia viungo vinaongezeka. Ukweli vilikuwa arobaini na viwili. Ila akifika kwa yule binti, mbwembwe zinamwishia. Anasema kumfundisha mtu mzima bila kumcheka ni kipaji, na yeye alifundishwa hivyo mwezi mzima, na chai juu.

Kiungo kimoja, nyuma ya sinki la wakunga, Pimamaji alisema, kwa jicho tu, hakihitaji duara. Siku ya kukikaza, spana haikuzunguka. Kilihitaji.