Kiondo Kilichorudi Kitupu Mirbat

Tulipanda ndege tukitarajia mchanga na jua kali, tukateremshwa kwenye baridi ya Julai ya Meru. Ndivyo mji wa Salala, pwani ya Waarabu, ulivyo majira ya manyunyu. Ukungu unashuka milimani mpaka barabarani, ngamia wanakula majani mabichi, na familia kutoka nchi zote za joto zilizo jirani zinatandika mikeka chini ya mvua nyembamba, zinakunywa chai na kucheka, nguo zimelowa.

Mwenzangu aliwatazama kupitia dirisha la gari huku akijifunga leso mabegani.

"Mwari," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, kwa Kimeru: binti. "Hawa wamelipa nauli waje kunyeshewa? Si wangekuja kwetu Kinoru tuwanyeshee bure!"

Yeye ni jirani yangu, mwenye duka la vitambaa mjini Meru, nami humwita Mama ingawa hakunizaa. Babu yake alizaliwa Mirbat, bandari ya zamani mashariki ya Salala. Alifika Meru na mizigo ya nguo, akaoa kwetu, akazikwa kwetu. Mimi nilikuwa nikiandika riwaya kuhusu bandari za namna hiyo, na yeye, kupitia mfanyabiashara wa mji wa Maua aliyewahi kufika huko, alikuwa amempata kwa simu shangazi wa ukoo wa babu. Basi tukafunga safari pamoja.

Wasiwasi wake hakuuficha. "Meru mimi ni Mwarabu," alisema, "hata nikiongea Kimeru kuwashinda. Sasa na hawa wakiniona ni Mwafrika tu, mimi nitakuwa wa nani?"

Ndiyo maana alibeba kiondo. Kikubwa, cha mkonge, kimejaa majani ya chai, maharagwe meusi ya njahi, makadamia na unga wa wimbi. Kwetu mwanamke haendi kwa watu mikono mitupu. Na kiondo chake hakirudishwi kitupu: wenyeji hutoa ulicholeta, wakatia chao, hata kama ni viazi vitatu. Kikirudi kitupu umeambiwa, bila neno, usije tena.

Dereva wetu alikuwa wa Salala, mama yake mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata nikaona haya kufungua mdomo. Alitusimamisha kwanza Sumhuram, magofu ya mji uliopakia ubani kwenye meli zama za kale. Nilisimama kwenye kuta za mawe nikafungua daftari. Chini yetu ghuba ilikuwa imetulia, kijani upande huu na fedha upande ule. Korongo wekundu wamesimama kwa mguu mmoja, na mbali, kati ya majabali mawili, bahari ya manyunyu ilikuwa ikinguruma kwa hasira. Nilitaka sentensi moja tu inayoweza kubeba yote hayo.

Mama alikuwa langoni, akipima upana kwa mikono.

"Aliyejenga hapa alikuwa wa biashara," akatangaza. "Ona mlango: mmoja, mwembamba, una kona. Mteja hatoki bila kulipa. Dukani kwangu wanapita pande zote kama kuku."

"Bi mkubwa, huu ni mji wa wafalme," dereva akamtania.

"Wafalme wenye duka."

Tulipokaribia Mirbat ukungu ulikatika ghafla, kama kitambaa kilichopigwa mkasi, tukatoka juani. Nyumba za wafanyabiashara wa zamani zilisimama karibu na maji, madirisha yake ya mbao yamechongwa vizuri na kuliwa na chumvi. Mama hakuzitazama. Alikuwa akijipaka mafuta mikononi.

Shangazi alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza. Alitupokea kwa tende na kahawa, akauliza habari za babu kupitia dereva, akasikiliza. Wasichana wakachukua kiondo wakaingia nacho ndani. Tulikaa, tukacheka, tukaaga. Mlangoni msichana mmoja akamrudishia Mama kiondo chake.

Kilikuwa kimepanguswa vizuri. Hakikuwa na kitu.

Mama alishukuru, akaingia garini, akatazama mbele. Magofu, milima, bahari, vyote vilipita, kiondo kitupu kikiwa mapajani mwake. Mwishowe dereva akauliza, "Bi mkubwa, kulikoni?"

"Wamenifukuza," akasema. "Kwa heshima, lakini wamenifukuza."

Nikamweleza dereva desturi yetu. Akacheka, kisha akamwona Mama usoni, akaacha. "Mimi sijui wao wana maana gani," akasema. "Lakini wapo. Tuwaulize?"

"Geuza gari," Mama akasema.

Hakungoja kukaribishwa. Alisimama sebuleni, akakinyanyua kiondo mdomo ukiangalia chini, akakitikisa mbele ya shangazi. Dereva akatafsiri, akijikwaa kwa aibu: kwao kiondo kitupu ni kumwambia mtu asirudi. Shangazi alimkodolea macho. Kisha akaanza kuongea, haraka, kidole kikipiga hewa, na dereva akahangaika kumfuata.

"Anasema... anasema mgeni ndiye hulipwa. Mgeni akileta kitu, lazima umrudishie, msije mkadaiana. Wewe anasema ni mtoto wa nyumba. Mtoto akileta chakula kinaliwa tu. Anauliza nani amekulea, huna adabu, kuja kumdai shangazi yako."

Mama alikaa sakafuni pale pale. Nilidhani analia, kumbe anacheka, mpaka leso ikamdondoka. "Mwambie mimi nimelelewa Meru," akasema. "Na mtoto wa nyumba anaruhusiwa kudai!"

Wakakijaza. Papa mkavu, ubani, halua, na chupa ya samli iliyonivujia begani safari nzima ya kurudi. Lakini hatukuondoka upesi, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na chakula kilikuwa hakijapikwa. Mimi na dereva tuliletewa mito, matunda, na kahawa nyingine kwenye vikombe vidogo vya wageni. Mama hakuletewa chochote. Shangazi alimvuta mkono, akampeleka jikoni, akamwekea mbele beseni la vitunguu na kisu, na kabla hajamaliza cha kwanza akaanza kumgombeza kwamba anakata vipande vikubwa.