Mgongo kwa Mgongo hadi Korogwe

Bi Hajira binti Rehani alikuwa na mambo mawili asiyoyafanyia mzaha: shamba na mkwe. Shambani alifika kabla ya jua, na mkwe alimkwepa kama inavyompasa mtu aliyelelewa. Huko Kwamsisi alikozaliwa, mama mkwe na mume wa binti yake hawasimami kivuli kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawaitani jina, hawali pamoja, hawagusani hata kwa bahati mbaya. Siyo chuki. Ni heshima, na ukweli ni kwamba heshima ya namna hiyo inachosha kuliko chuki, maana anayechukia anaruhusiwa kupumzika.

Zamani ilikuwa rahisi. Hajira alikaa na nduguye chini huko karibu na mto Pangani, mkwewe alikaa makambini kwenye shamba la mkonge, na kati yao kulikuwa na pori la kutosha kila mtu kujificha. Kisha mwaka wa sabini na nne ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakaambiwa wahamie kando ya barabara kuu ya Korogwe, na bwana mmoja mwenye kamba na vigingi akapima viwanja vilivyonyooka kama mistari ya daftari. Hakuuliza nani mkwe wa nani. Mlango wa Hajira ukatazamana na mlango wa Sadala, mume wa binti yake Zamda, hatua ishirini tu, tena bila hata mti wa kuzuia macho.

Hajira alimwendea balozi wa nyumba kumi siku ileile.

"Balozi, mmeniweka uso kwa uso na mkwe wangu."

"Mama, serikali haijui mambo ya wakwe."

"Kwani hao wa serikali wameoa mawe?"

Balozi akacheka, kiwanja kikabaki palepale. Kwa miaka miwili Sadala akitaka kutoka nyumbani kwake alikohoa mara tatu, na Hajira akaacha alichoshika akaingia ndani. Hajira akitaka kutoka aligonga ndoo, na Sadala akageukia ukuta. Watoto wa jirani waliligeuza jambo hilo mchezo. Walijificha nyuma ya choo wakakohoa mara tatu, ili wamwone bibi akikimbia na unga mikononi.

Huyo Sadala mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Alikuwa mtu wa toroli shambani, wakati toroli zilipobeba mkonge kwa reli ndogo iliyofuata mto kutoka makambini hadi karibu na mji wa Korogwe. Bei ya mkonge ilipoanguka shamba lilifungwa, reli zikang'olewa, likabaki tuta tupu, limenyooka, lina upana wa baiskeli mbili, halina gari wala honi. Sadala alilipenda tuta hilo. Wenye baiskeli wengine walishika barabara kuu kwa sababu huko ndiko mtu anakoonekana, nayo malori ya Moshi yakawaonyesha mtaro. Sadala alipita mtoni na Foniksi yake nyeusi, akafika mjini na shati safi, na hakuna aliyemwona.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa nne, mwaka wa sabini na sita, Hajira alikuwa akipalilia shamba la kijiji upande wa mtoni, akamkanyaga moma. Ni yule nyoka mnene, mvivu, anayelala kwenye majani akingoja akanyagwe. Alimgonga juu kidogo ya kifundo cha mguu. Hajira alimkata kwa jembe kwanza, akahakikisha amekufa, ndipo akakaa chini na kuita watu.

Mdogo wake, Mdoe, alikuja mbio akamfunga mguu kwa kipande cha kanga. Habari zilizofuata zilikuwa mbaya moja baada ya nyingine. Landrova ya kata ilikwenda Handeni tangu jana. Mvua ya usiku ilikuwa imekata barabara kuu katikati ya kijiji na Korogwe, malori yamesimama huku na huku. Hospitali ilikuwa mwendo wa maili nane, na mguu ulikuwa umeanza kunona.

"Sadala ana baiskeli," alisema Mdoe. "Na tuta la toroli maji hayapandi."

"Sijasikia," alisema Hajira.

"Umesikia, dada."

"Mdoe, unataka nimshike mkwe kiunoni mchana kweupe? Ukimaliza hapo utanivisha nini, suruali?"

Zamda alikuwa amepiga magoti, amemshika mama yake mkono. "Mama, ukifa, hiyo heshima yako tutaizika wapi? Maana kaburi moja haliwatoshi."

Hajira aliutazama mguu. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa kama biringanya. Aliona kwamba anaogopa, na kwamba hofu hiyo haikuwa ya mkwe.

"Kwa tuta, sawa," alisema mwishowe. "Huko hakuna macho. Lakini mgongo wake sitautazama. Nitakaa nikitazama nilikotoka."

Ndivyo ilivyokuwa. Sadala aliitwa, akaja na baiskeli, akaiegemeza, akasimama mbali akiangalia milima ya Usambara kama mtu aliyetumwa kuihesabu. Alipokwisha kupanda, wakampakia Hajira kwenye keria, mgongo wake kwa mgongo wa mkwewe, na Mdoe akawazungushia kanga mbili viunoni akakaza kama anayefunga mzigo wa kuni. Wakaondoka.

Maili ya kwanza hakusema mtu. Kisha gurudumu likaingia shimoni, na Hajira akaruka na kurudi chini.

"Baiskeli," alisema, "mwambie anayekuendesha mimi si robota la katani."

Halafu ikasikika sauti ya Sadala, ya adabu sana.

"Baiskeli, mwambie mama kuna shimo jingine mbele. Ashike keria."

Baiskeli ikaruka.

"Baiskeli, mwulize huyo mbona shimo linafika kabla ya taarifa."

"Baiskeli, mwambie mama naomba radhi."

"Radhi haina mto wa kukalia. Mwambie."

Mto Pangani ulikuwa upande mmoja, umejaa, mwekundu kama chai ya maziwa iliyochemka sana. Upande wa pili mkonge ulioachwa ulikuwa umeota milingoti, umekuwa msitu. Hakuna lori lililowapita. Hakuna mtu aliyesimama kuuliza mnakwenda wapi, mama ana nini, na huyo siye mkweo. Kulikuwa na mlio wa mnyororo na ndege tu. Kwa kuwa Hajira alitazama nyuma, kila kitu alikiona kikimuaga. Aliyaona makuti yaliyooza ya banda lake la zamani, na migomba yake ambayo sasa inawalisha nyani, ikirudi nyuma polepole mpaka ikawa kijani tu. Hakuwa amepaona tangu siku ya kuhamishwa. Alitaka kulia, akatapika badala yake.

"Baiskeli, niwie radhi," alisema alipopata pumzi.

Sadala alikanyaga kwa nguvu zaidi. Jasho lake lilikuwa limepenya kanga zote mbili, Hajira akalihisi mgongoni. Ulimi wake ulikuwa unakuwa mzito, macho yakitaka kufumba.

"Baiskeli," alisema Sadala, na safari hii sauti ilitetemeka, "mwambie mama asilale. Amsimange mtu. Yeyote. Hata mimi."

"Ana... ana miguu ya korongo," alisema Hajira kwa shida. "Zamda angepata mwenye miguu mifupi, tungekuwa tumefika."

"Ndiyo. Aendelee."

"Na hajui kukohoa. Anakohoa kama mbuzi."

"Aendelee, aendelee."

Baiskeli ikasimama.

Hajira hakuweza kuona mbele, ila alisikia maji yakipita chini, kwa kasi. Akaipinda shingo kadiri alivyoweza, akaona daraja la toroli juu ya kijito kinachoingia Pangani. Mbao zake zilikuwa zimechukuliwa na watu, labda ziko kwenye mapaa ya kijiji kizima. Palibaki vyuma viwili, kila kimoja kina upana wa unyayo. Baiskeli ingeweza kuvushwa begani. Mtu asiyeweza kusimama, hapana, isipokuwa mgongoni kwa mtu mwingine, kifua kwa mgongo, mikono shingoni.

"Baiskeli," alianza Sadala, akakwama. Hakukuwa na namna ya kuiambia baiskeli neno kama hilo.

Hajira alielewa. Mkwewe alipita hapa kila wiki.

"Ulijua," alisema. Hakuiambia baiskeli.

"Nilijua, mama. Ningesema kule, usingepanda."

Hilo lilikuwa kweli, na Hajira aliwachukia watu wanaosema kweli wakati mtu anaumwa. Aliusikia mguu ukipiga kama ngoma. Alifikiri juu ya Kwamsisi, na mama yake, na wanawake wote walioingia porini kupisha wakwe zao, na hakumkumbuka hata mmoja aliyeambiwa achague kati ya adabu na uhai.

"Sadala," alisema.

Miaka tisa tangu ndoa, jina hilo halijawahi kutoka kinywani mwake. Sadala alishtuka kama aliyepigwa na kijiti.

"Labeka, mama."

"Nibebe. Na ukiniangusha, nitakusubiri huko ahera nikusimange."

Sadala alifungua kanga zilizowafunga, akachuchumaa, akambeba kama wanavyobeba watoto. Alivua viatu. Alikwenda juu ya chuma hatua kwa hatua, nyayo zikishika kama mikono, na Hajira alifumba macho, kidevu begani kwa mkwewe, akinong'ona kila dua aliyofundishwa na nyingine alizozitunga hapohapo. Maji yalinguruma. Mguu mmoja wa Sadala uliteleza, ukarudi. Kisha Hajira akasikia nyasi zikikatika chini ya nyayo, akajua wako kwenye udongo.

Sadala alimweka chini taratibu, akarudi kuchukua baiskeli, na alipofika nayo akafunga kanga mara mbili, fundo likafunguka mara mbili. Hajira aliifunga mwenyewe. Safari iliyobaki alikaa akitazama upande, kama wakaavyo wanawake wengine wote, mkono mmoja umeshika shati la mkwewe.

Hospitalini dawa ya sumu ilikuwepo. Nesi Bernadina, mwanamke wa makambi aliyezoea kuamuru, alimtazama Sadala aliyesimama mlangoni akiangalia nje.

"Wewe mrefu, njoo ushike mguu huu usitikisike."

Sadala hakusogea.

"Njoo ushike," alisema Hajira kutoka kitandani. "Umebeba gunia zima darajani, utaogopa paja la kuku?"

Alikuja akashika.

Kwa siku mbili hakuna aliyesema lolote la hakika. Siku ya tatu asubuhi Nesi Bernadina alibonyeza ngozi ya mguu kwa kidole, akabonyeza tena juu zaidi, akasema uvimbe umerudi chini, mguu umenusurika kukatwa. Zamda alikuwa ameketi sakafuni na sufuria ya uji. Aliegemea ukuta akafumba macho, na machozi yakatiririka bila sauti. Sadala alitoka nje. Walimsikia akikohoa uani, mara nyingi kuliko tatu. Hajira aliomba uji, akala wote, akalalamika kwamba hauna sukari, akalala usingizi mzito mpaka jioni.

Kidonda kilichukua miezi miwili. Kila Alhamisi ilibidi kisafishwe hospitalini, na kila Alhamisi Hajira alitembea kwa fimbo hadi mwanzo wa tuta, ambako Sadala alikuwa akimngoja na baiskeli. Darajani vijana wa kijiji walikuwa wametandika magogo. Mdoe aliwasimamia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza kama ni kazi ya kijiji au ya mtu binafsi.

Kijijini mambo hayakubadilika. Sadala alikohoa, Hajira aliingia ndani. Mwenye kudhani mila imekufa alikaribishwa ajaribu kumtajia Bi Hajira jina la mkwewe uani pake. Lakini kwenye tuta, hakuna kijiji. Huko walizungumza njia nzima, juu ya bei ya mahindi, juu ya Zamda na ukaidi wake, juu ya toroli za zamani na nani alianguka nazo mtoni. Kidonda kilipofunga kabisa, Nesi Bernadina alimwambia asije tena.

Alhamisi iliyofuata Hajira alikuwa pale mwanzoni mwa tuta, amefunga kanga safi, fimbo ameiacha nyumbani.

"Mama," alisema Sadala, "si kidonda kimepona?"

"Kimepona. Nataka chumvi."

"Chumvi ipo dukani kijijini."

"Hiyo haina ladha. Endesha, na shimo lile la kwanza ulitaje mapema."