Wembe Kwenye Rovu la Baba

"Na Egbert je? Yeye si mtoto wa mama? Mikono yake mitulivu, anashona mpaka viatu vya padri, mbona yeye hamumwambii?"

Kamugisha keshapandisha hasira. Shangazi Kobugabe wala hakuinua uso. Alikuwa anapitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, kwenda, kurudi, akiusikiliza tu, maana macho yake yalishazibwa na mtoto wa jicho.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi malizia huku unanoa. Shika. Egbert siye mkubwa."

Mambo yalikuwa hivi. Mama yao, Pulkeria, alizikwa hapo Kimuli mwanzoni mwa mwezi wa sita, mwaka hamsini na moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyegusa nywele wala ndevu pale nyumbani. Siku ya kuondoa msiba, wa kwanza kunyolewa ni mwenye mji, na kwenye ukoo ule ananyolewa na mtoto wake wa kwanza. Mpaka yeye awe safi, wengine wote wanabaki na nywele za msiba. Mwenye mji ni baba yao, Mzee Muhangi. Na Mzee Muhangi ana rovu.

Rovu lenyewe si la mchezo. Limekaa shingoni kama kibuyu kidogo cha maziwa, na juu yake unapita mshipa ambao ukisogea karibu unauona unadunda. Ndevu zimeota humo humo. Miaka yote alijinyoa mwenyewe, kwa wembe wake wa kukunja alioununua Bukoba. Sasa mikono inatetemeka, hata kikombe cha chai kinafika mdomoni kikiwa nusu. Kamugisha amelala porini na ng'ombe, amemfukuza fisi kwa fimbo, lakini ule mshipa hataki hata kuutazama.

Shangazi akamfundisha kwa ndizi mbichi. Anaipaka povu la sabuni, anampa. "Nyoa povu, uache ganda."

Rahisi, si ndiyo? Thubutu! Ukikwaruza kidogo tu, utomvu unatoka. Jioni Shangazi anapapasa ndizi moja moja, kila penye utomvu ulioganda anasimamisha kidole.

"Hapa umemkata. Hapa umemkata." Kidole kinatembea. "Hapa umemuua."

"Shangazi, usiseme hivyo!"

"Nisemeje? Kwamba umeua ndizi?"

Siku ya nane ndizi zilitoka safi, zote. Lakini hofu haikuondoka. Hata akikamua, akishika chuchu ya ng'ombe na kuisikia ina joto, anakumbuka kwamba ndizi ni baridi na haina damu. Ndizi haimezi mate. Ndizi huiiti baba.

Ikafika siku. Ndugu wametoka Isingiro na Nyakasimbi, wamejaa uani na nywele zao za mwezi mzima. Mzee akakaa kwenye kigoda. Kamugisha akaja na bakuli la povu.

"Peleka huko sabuni yako," Mzee akasema. "Mimi ni shuka? Leta samli."

Kamugisha akamgeukia Shangazi. Yeye aliolewa kwa wakulima wa Nyakasimbi, huko wananyoa kwa sabuni, akasahau kabisa kwamba kaka yake ni mtu wa ng'ombe. Siku zote zile za ndizi, hakuna aliyekumbuka kumuuliza Mzee anajipaka nini!

Samli ikaletwa. Shavu la kulia likaenda vizuri. Lakini mafuta yanateremka, yanaingia kwenye mpini, yanaingia vidoleni. Alipogusa ukingo wa rovu, wembe ukateleza.

Damu.

Wanawake wakapiga yowe. Kamugisha akautupa wembe, huyo, anaelekea kwenye lango la zizi. Nimemuua. Nimemzika mama, na leo nimemuua baba.

"We Kamugisha!" Sauti ya Mzee. "Unaniacha shavu moja limefiwa, jingine halijafiwa?"

Watu wakacheka. Kamugisha akageuka kwa hasira, awatukane. Ndipo akaona. Mzee alikuwa anajaribu kuifuta ile damu mwenyewe, na mkono unatetemeka, unakwenda sikioni, unarudi begani, unapakosa pale pale panapouma.

Akarudi.

"Majivu," Shangazi akasema. "Sugua mikono kwa majivu. Na mpini."

Akasugua mpaka mafuta yote yakatoka, vidole vikakamata. Akauosha wembe kwa maji ya moto. Akaibana ile damu kwa kitambaa mpaka ikakata. Kumbe ni mchubuko tu. Halafu akavuta ngozi ya rovu kwa kidole gumba, na ule mshipa ukamdunda kidoleni.

"Baba, usimeze mate."

"Na wewe usinipumulie sikioni, unaniogopesha."

Kamugisha akasita. Mzee anaogopa? Basi wameogopa wote wawili, na wembe katikati. Akaulaza kama kwenye ndizi, akavuta kidogo. Tena kidogo. Jasho linamwingia machoni, hafuti. Mpaka rovu na shavu la pili vikabaki tupu, vinang'aa.

Mzee akajipapasa polepole.

"Ulipoota ndevu za kwanza nilikuita nikufundishe. Ukakimbilia kwa ng'ombe."

"Niliogopa, Baba."

"Ungeogopa huku unajifunza siku ile, mikono yangu ikiwa mizima. Haya, mwite Egbert akae, nywele zinamwasha."

Sasa wewe unayesoma hapa unacheka, baba yako bado anajinyoa mwenyewe, si ndiyo? Acha hicho kitabu. Nenda kwake kesho asubuhi, mwambie akufundishe wakati mikono yake bado inamsikiliza. Na kabla hujagusa wembe, muulize anajipaka nini.