Mbuzi Aliyebeba Neno

Kaka yangu Ishmael Murungi ana ugonjwa wa maneno ya Kiingereza, na usinisikie nasema ugonjwa ukadhani namtukana. Nampenda. Lakini mtu mzima mwenye migomba, mke na magoti mabovu, kukaa kando ya mfereji akicheka peke yake kwa sababu ya neno, mimi hilo sijawahi kulizoea.

Yote yaliletwa na kamusi. Kanisa letu hapa Mitunguu lilipokuwa linatupa vitabu vilivyoliwa na mchwa, yeye akaokota kamusi nene isiyo na jalada. Zamu yake ya maji ya shamba ikifika, huyafungulia, akaketi chini ya mgomba na kuisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Maneno ya kawaida hayataki. Anataka yale ambayo hata Waingereza wenyewe wameyasahau.

"Gatakaa!" ataniita kutoka ng'ambo ya ua. "Unajua ile harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi? Kumbe iko na jina! Petrichor!"

"Na hiyo jina itatupikia nini?"

Atacheka hadi afute macho. Neno likimfurahisha sana, humpa mnyama. Ng'ombe wake ndiye Petrichor. Mbwa wake, ambaye tumbo humnguruma hata akishiba, anaitwa Borborygmus, kwa sababu kumbe Wazungu walikaa chini wakautafutia hata mngurumo wa tumbo jina. Watoto wa jirani huliita jina hilo lote bila kujiuma ulimi, na mbwa anakuja mbio.

Siku moja hakuniita. Nilimkuta kamusi iko magotini, maji yamefurika na kumlowesha viatu, naye haoni.

"Nimepata neno la mzazi aliyefiwa na watoto," akasema. "Yule amebaki bila hata mmoja."

Fikiria mwenyewe: aliyefiwa na wazazi ni yatima, aliyefiwa na mume ni mjane. Aliyezika watoto wake anaitwaje? Kiswahili hakisemi. Kimeru chetu nacho sijasikia kikisema. Nadhani wazee waliogopa. Waingereza hawakuogopa. Walilishona kabisa kama suti, wakalitundika, likabaki linangoja wa kulivaa. Na Ishmael na mkewe Kanana walikuwa wamezika watoto wawili kabla ya kumpata Mutuma, mtoto wao wa pekee.

Mutuma alipozaliwa, mama yetu alitaka aitwe Mbiti, yaani fisi. Ndivyo watu wa zamani walivyofanya mtoto akija baada ya makaburi: unampa jina baya ili kifo kimdharau, kimpite. Ishmael alikataa, yeye ni Mkristo na amesoma. Sasa Mutuma ni kijana mkubwa, anaendesha pikapu ya miraa kutoka Maua hadi Nairobi, na mwendo wa kasi wa pikapu hizo unaujua. Akichelewa kurudi, wifi yangu hali chakula.

"Hilo neno limeniangalia, Gatakaa," kaka alisema.

Sitaliandika hapa. Uniite mshirikina ukitaka, lakini sitaliandika.

Kumpa Mutuma jina baya alikuwa amechelewa, basi akafanya ya wazee kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na mbuzi jike mweusi, mchanga bado. Akamshika pembe, akamnong'onezea lile neno sikioni, likawa jina lake. "Likipata mwenyewe litatulia," akaniambia. Kanana hakuambiwa.

Mbuzi yule alizaa, mwana akafa. Akazaa tena, mapacha, wakafa kabla ya kitovu kukauka. Daktari wa mifugo alimdunga sindano na kusema ni upungufu wa madini. Wenzake wakipoteza wana hulia mpaka ukose raha. Yeye hakulia. Alisimama tu ameelekeza macho kwenye nyumba, na mara nyingine nilimkuta chini ya dirisha la chumba cha Mutuma, kimya, hatafuni chochote. Siku ile mapacha walipokufa, pikapu ya Mutuma ilipinduka njiani ikabondeka yote. Mutuma akatoka kwa miguu yake, hana hata mkwaruzo. Kanisani tulitoa shukrani. Mimi niliimba huku nikimfikiria yule mbuzi.

Kisha Mutuma akapata mchumba, Ruguru wa Manyatta, upande wa Embu. Mahari ikapangwa. Kanana, aliyemchukia yule mbuzi kwa kutokuza mwana hata mmoja, akampakia kwenye lori pamoja na wengine bila kuuliza mtu. Ishmael alimwona wakati anashushwa kwa wakwe. Alinishika mkono, akaniumiza.

Mbuzi wa mahari harudi. Ukimdai, umevunja posa. Na Ruguru ni mtoto wa pekee wa baba yake, mzee Nyamu.

Ruguru alimjia kaka akicheka. "Baba, Mutuma ameniambia mnapea wanyama majina ya Kizungu. Huyu anaitwa nani?"

Kaka akamtazama yule msichana, kisha mbuzi. Niliona anapima, na nilijua nini kimo kwenye mizani: binti wa watu upande mmoja, Mutuma upande wa pili.

"Hana jina, mama," akasema. "Mwite unavyopenda."

Mbuzi akatikisa masikio, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akilia.

Kabla chakula hakijaguswa, Ishmael alisimama mbele ya wazee. "Mzee Nyamu, kuanzia leo Mutuma ni wako. Mimi sina mtoto."

Wakapiga makofi! Walidhani ni adabu ya ukweni, maana wazazi husema hivyo: mtoto wetu sasa ni wenu. Mutuma naye akapiga makofi. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba kaka amelivaa lile neno mwenyewe, mtoto wake akiwa hai, ili lisitafute mwingine.

Tangu siku hiyo ukimwita Baba Mutuma haitiki. Kanana analia, anasema mzee amerukwa na akili, na mimi nimemkasirikia kaka hadi nikamtukana, nikamwambia neno ni upepo tu. Aliniuliza kama niko tayari kulitamka. Nikaenda zangu.

Juzi nilikuwa kwake tunamenya ndizi, simu ikalia. Sauti ya Mutuma ilisikika hadi nilipoketi.

"Baba! Ile mbuzi nyeusi imezaa huku kwa kina Ruguru! Mapacha, wananyonya, wako fiti kabisa! Si ukuje uone?"

Kaka alifumba macho. Midomo ilimcheza, nikadhani atacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Umekosea namba, kijana," akasema.

Lakini hakukata. Aliishika simu sikioni kwa mikono miwili, akimsikiliza Mutuma akiita Baba, Baba, hadi Mutuma mwenyewe alipochoka akakata.