Mkalimani Aliyemngoja Furukombe

Jumatatu nilipata habari kwamba mkalimani wa kanisa letu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa fundi wa nyavu aliyevuka ziwa kutoka Kongo, na kwa miaka mingi alisimama kando ya mchungaji akigeuza Kibemba kuwa Kiswahili kwa ajili ya Wakongomani wenzake. Kiebrania alijifunza peke yake, kwa kamusi ya Kifaransa iliyokosa jalada. Nami karibu yote niyajuayo nimejisomea mwenyewe, kwa hiyo namfahamu mtu wa aina hiyo: hachelewi kujifunza, huwachelewesha wengine.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya nabii anayesema adui atakuja juu ya Moabu kama tai. Mkalimani akanyamaza.

"Sema, batu banangojea," mchungaji akamnong'oneza kwa Kiswahili chake kidogo.

"Pasteri, ngojea kwanza. Ule tai anazunguka tu kule juu, ao anashuka?"

"Anaruka! Sema anaruka!"

"Hata kuku anaruka, Pasteri. Ile neno ya Kiebrania haiko ya kuku."

Wazee wa kanisa hawakucheka. Walimpa juma moja alete maana, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Kwake halikuwa jambo dogo. Kando ya mimbari ndipo mahali pekee Nchelenge ambapo mgeni huyu alisikilizwa.

Kamusi ilimpa maana mbili, kuelea angani na kushuka kwa kasi, isimwambie achague ipi. Akaamua kumuuliza ndege mwenyewe. Siku nne mimi naye tuliketi ufukweni Kashikishi, karibu na chanja za kukaushia samaki, furukombe, yule tai mla samaki, akizunguka juu yetu. Mkalimani aliandika daftarini: "Hajapiga bawa." Mama mmoja aliyekuwa akipasua samaki akamuuliza, "Papa, unaandikia ule ndege barua?"

"Namuuliza neno moja, mama."

"Basi omba asikujibu na samaki yangu."

Siku ya nne alijibu. Alishuka mabawa wazi, bila kupiga hata moja, akanyakua kutoka beseni la yule mama samaki mkubwa kuliko wote. Mama akapiga yowe. Mkalimani naye akapiga yowe, la furaha: "Ni vile! Neno ni vile!" Alichapwa kitenge kibichi mara tatu; nilihesabu.

Jumapili akalieleza kanisa: "Ni kuja kutoka juu, mabawa wazi, mbio, bila kelele. Ukiinua macho, amekwisha fika." Akaongeza kwamba zaburi yatumia neno hilohilo kwa Mungu anayekuja juu ya upepo kumwokoa mtu wake.

"Kweli kabisa!" mama yule akapaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Na samaki hairudi!" Kanisa zima likaangua kicheko, na mchungaji, akifuta machozi, akamsogezea mkalimani kipaza sauti.

Siku hizi simu hutupa maana ya neno kabla hatujamaliza kuuliza, nasi tunapokea na kupita. Sidai kila mwandishi akakae siku nne ufukweni. Lakini mimi binafsi nimeandika maneno mengi ambayo sikuwahi kuyaona yakitenda kazi. Yeye alikuwa tayari kupoteza mahali pake pa kusemea kuliko kusema neno moja asilolijua. Kukiri mbele ya watu kwamba hujui ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwenda kutazama.